Dumu la Mama Ndani ya Kontena la Jeshi

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya nchi tatu. Kwa mkupuo mmoja!

Kwa wasiojua kazi yangu: niko kwenye ghala moja hapa Njiro. Tunafungasha mahitaji ya wanajeshi wa kulinda amani walioko ng'ambo. Mchele, maharage, sabuni, vyandarua, mpaka sufuria za kupikia kikosi kizima. Tunajaza kontena, linakwenda bandarini, linapanda meli. Nimekaimu usimamizi wa ghala miezi sita, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuthibitishwa. Sharti moja tu: ukaguzi upite. (Nilishamtangazia mpaka muuza chapati.)

Sasa, kaka yangu Godlisten ni sajini huko huko mizigo inakokwenda. Yeye ndiye anayeipokea stoo. Jana mama akashuka kutoka Machame na dumu la lita tano. Mbege, pombe yetu ya ndizi!

"Mwanangu ana miezi tisa hajaonja," akasema. "Wewe una kontena zima, unakosa nafasi ya kidumu kimoja?"

Nyie mngefanyaje? Nikatoa dumu la sabuni ya maji kwenye katoni namba arobaini na saba, nikaweka la mama. Orodha sikuigusa. Pembeni ya katoni nikachora kandizi kadogo kwa kalamu ili Godlisten aitambue. (Meli inachukua wiki ngapi? Sikuwaza. Mama naye hakuwaza.) Halafu, kwa kuwa utaratibu wetu unasema kimiminika chochote kifungwe kisivuje, nikakaza mfuniko kwa nguvu zote na kuzungushia selotepu mara nne. Nikalala usingizi mzuri.

Leo saa sita mchana wakaguzi wakafika. Kanali wa kwetu, kanali wa Zambia, na mzungu mmoja mrefu mwenye daftari. Meneja wetu, Bwana Temba, kapiga tai. Kontena limeshinda juani tangu asubuhi, ukifungua mlango joto linakupiga usoni. Lakini mambo yalikwenda vizuri mno! Katoni zimenyooka, lebo zinatazama nje, mzungu anaandika huku anatabasamu. Moyoni nimeshaanza kujiita Madam Msimamizi.

Ndipo kanali wetu akasimama ghafla.

"Hii ndizi ni ya nini?"

Nikatazama. Katoni arobaini na saba imevimba tumbo! Hapo ndipo akili iliponirudia: mbege haifungwi hivyo. Ndizi na ulezi vinaendelea kuchacha humo ndani, lazima ipumue. Kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua. Na mimi, mtoto wa Machame, nimeinyonga kwa selotepu!

"Ni... alama ya ubora, afande," nikasema, nikaiegemea ile katoni kwa mgongo. (Alama ya ubora! Sijui niliitoa wapi.) Katoni ikawa inanisukuma. Sitanii, ilikuwa inanisukuma.

"Dada, sogea kidogo tuone."

"Afande, nimepumzika tu hapa."

"Sogea."

Nikasogea.

PAAAA!

Kufumba na kufumbua, wote chini! Kanali wetu kalala kifudifudi. Wa Zambia kajiviringisha mpaka nyuma ya magunia ya mchele. Mzungu kajifunika daftari kichwani. Hata Bwana Temba, ambaye jeshini hajawahi kukanyaga, yuko sakafuni na tai yake. Nimebaki wima mimi peke yangu, mbege inanidondoka puani.

Ningenyamaza! Dakika mbili tu ningenyamaza, labda ningepata la kusema. Lakini kuona watu wazima wamelala chini vile, huruma ikanishika, nikapaza sauti:

"Inukeni jamani! Ni mbege ya mama!"

Harufu ikasambaa. Kanali wetu akainuka taratibu, akajifuta shavu, akaokota orodha.

"Katoni arobaini na saba," akasoma. "Sabuni ya maji." Akanitazama. "Hii sabuni yenu ina ulezi?"

Yule wa Zambia akauliza kwa Kiingereza kama wanajeshi wetu wanaogea hiyo. Akalamba mdomo, akasema kama ndivyo, basi anaomba kuhamia kikosi chetu. Wakaangua kicheko! Mzungu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Mimi nami nikacheka mpaka machozi, nikijua nimepona.

Nikawaeleza yote, mpaka habari ya Godlisten, wakajifungia ofisini na meneja nusu saa nzima. Bwana Temba akatoka, bado ana chembe za ulezi kwenye nyusi.

"Ghala limepita," akasema.

"Asante Mungu!"

"Wewe hujapita."

Akanionyesha ripoti. Wameandika kabisa kwamba msimamizi atafutwe mwingine, asiye na ndugu anayepokea mizigo. Kisha akainama sikioni kwangu, Mchaga mwenzangu, akanong'ona, "Lakini ilikuwa imeiva, aisee."

Imeniuma, sitawaficha. Miezi sita si mchezo. Nimeosha kontena lile mpaka jioni, kona kwa kona, na kila aliyepita getini ameniuliza sherehe ni ya nani.

Naomba msinicheke. Au basi, subirini kwanza nioge, maana nzi wamenisindikiza mpaka sebuleni.