Posa ya Najat na Kituo cha Kupoza

Mabawa, Tanga
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa Mhandisi Mkuu Imakulata,
Kituo cha Kupoza Umeme.

YAH: KARATASI ZENU ZA VIJUMBA KUINGIA NYUMBANI KWANGU NA KUZUIA POSA

Mwanangu Imakulata,

Marahaba. Nimeipokea kabla hujaitoa, maana Najat ananiambia una adabu, na najua ungeniona ungeniamkia.

Mie ni Mwanamwema, bibi yake Najat, yule mhandisi wako mwembamba anayewagawia chapati za asubuhi. Chapati hizo ni zangu. Shule sikwenda. Barua hii naisema kwa mdomo, na Rahila wa steshenari anaipiga. Nimemwapisha asiirembe. Kompyuta yake inachora mistari myekundu chini ya maneno yangu. Nimemwambia aiache ichore, nimeshazoea kusahihishwa na mashine, na ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Najat ana vitu viwili mlivyompa. Kimoja ni hesabu ya kwenye kompyuta: unaandika namba vijumba vya juu, jibu linatoka lenyewe chini, likiwa jema kijumba kinakuwa cha kijani, likiwa baya kinakuwa chekundu. Cha pili ni karatasi mnayoiita kiolezo cha ubora. Neno kiolezo nalijua tangu utoto, mama yangu alikuwa nacho cha kushonea kofia. Chenu hakishoni kitu. Ni vijumba vitupu, na kila kimoja kina swali, na kitu hakipokelewi kituoni mpaka vyote vijibiwe na mtu atie saini.

Kazini kwenu sina neno. Najua mkikosea namba moja watu wanaungua, na mie sitaki mjukuu wangu aungue wala amuunguze mtu. Lakini jioni mnamruhusu atoke getini na vitu hivyo mkobani. Askari akimaliza zamu hurudisha bunduki. Nyie mnamwacha mtoto aje nayo nyumbani, halafu mnalala usingizi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Chakula changu. Mmemfundisha Najat kwamba hesabu ikishatoka iongezwe robo juu yake, ili siku ya shida kitu kisizidiwe. Anaiita robo ya usalama. Kwa nyaya sawa. Yeye kaitia kwenye pweza wa nazi. Tulikuwa na khitma ya marehemu ndugu yangu. Akaandika kwenye kompyuta idadi ya walaji, nazi, chumvi na pilipili, hesabu ikatoka, akaongeza robo kwa kila kitu. Robo ya nazi tuliifurahia. Robo ya pilipili ilimtoa imamu machozi mbele za watu, wakadhani amemkumbuka marehemu, wakaanza kumfariji. Nilipomwambia Najat chumvi imezidi, alinijibu, “Haijazidi, Bibi. Ina akiba.”

2. Jirani yangu. Wewe nasikia ni wa bara, kwa hiyo nakueleza taratibu. Bomba letu la uani lilikuwa linapiga shoti. Najat akasema waya unaokwenda ardhini hauna nguvu, udongo wetu mkavu haupokei umeme. Akapiga hesabu yenu, ikasema tuchimbe shimo pembeni, tusimike chuma, tukizungushie chumvi ya mawe na mkaa. Kwenu ni kazi ya kila siku. Hapa Tanga, mwanangu, mtu akionekana anafukia chumvi na mkaa chini ya ukuta wa jirani, hakuna anayefikiria umeme.

Hija, jirani yangu wa miaka yote, akachungulia juu ya ukuta. “Najat, unafukia nini hapo kwangu?”

Najat bila kuinua kichwa: “Naitengeneza ardhi ipokee, Bi Hija.”

“Ipokee nini?”

“Ikija hitilafu kwenye nyumba yetu iende chini, isitupate sisi.”

“Kwa hiyo imwendee nani?”

Najat akafikiri, maana sijamlea kusema uongo. “Chini ya ardhi hakuna mpaka, Bi Hija. Itasambaa tu.”

Kufika alasiri Hija kamleta Shekhe na wasomaji wake, wanasoma Yasini upande wao wa ukuta. Nikaenda kuitikia amina, dua ni dua. Nikafukuzwa. Najat akadhani dawa ni kumwonyesha Hija karatasi yenu, palipoandikwa “Chumvi na mkaa: vimewekwa”, pana tiki na saini. Hija akashika kichwa. “Kumbe siku hizi wachawi wana fomu!”

Tangu siku ile hanisalimii. Chumvi akiishiwa hatumi tena mtu kwangu, na mie chumvi sasa ninayo ya akiba.

3. Stika. Kila alichokikagua anakibandika stika ya kijani, IMEKAGULIWA. Kabandika jiko la mkaa. Kabandika kitanda changu. Juzi nimekwenda mazishini Duga, wanawake wamekaa mkekani wananitazama nyuma, na hakuna aliyeniambia mpaka narudi. Ilikuwa kwenye buibui.

4. Posa. Hili ndilo lililonitoa nyumbani na goti hili bovu mpaka steshenari, kwa hiyo soma taratibu. Lazima nirudi nyuma kidogo, na usicheke.

Najat alipopata kazi alinipigia simu, na laini ilikuwa inakatikakatika. Nikasikia amepata kazi kituo cha kuposa. Nikasema alhamdulillahi, dunia imeendelea, sasa posa nayo ina ofisi na mshahara. Tukaenda harusini Pangani nikawatangazia wanawake: mwenye kijana asihangaike, ampeleke kituoni kwa mjukuu wangu. Mie kosa langu ni hiyo herufi moja tu, na aliyeipoteza ni simu.

Basi mmoja akatumwa na shangazi yake. Uweso, fundi majokofu, kijana wa Mwera. Akafika getini kwenu na kanzu imepigwa pasi. Mlinzi wenu akamuuliza ana shida gani.

“Nimekuja kuposa.”

“Kupoza nini?”

Uweso akadhani anaulizwa kazi yake. “Samaki, maziwa, chochote mtakacho.”

Najat akatoka kuangalia kelele za getini. Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini, na Uweso akasimama palepale akimngoja amalize, wala hakukasirika. Hivyo ndivyo walivyojuana. Usiniambie posa hii haihusu ofisi yako. Imeanzia kwenye geti lako.

Jumapili iliyopita Uweso akaja na wazee rasmi, wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Haroub. Huku kwetu siku ya posa msichana hukaa chumbani, wazee husema wao kwa wao. Najat wangu alitoka chumbani na faili. Kofia ngumu hakuvaa, kwa hilo namshukuru. Alikaa mbele ya Mzee Haroub, akasema kwa heshima zote kwamba transfoma ikiletwa kituoni hukaguliwa kabla ya kupokelewa, nayo ikiharibika hurudishwa kiwandani. Mume harudishwi kiwandani. Basi naye akaguliwe. Kisha akaanza kusoma vijumba vya karatasi yenu ya kupokea transfoma, neno kwa neno, mwanangu, hakubadilisha kitu.

“Mtengenezaji ni nani?”

Mzee Haroub akasema mtengenezaji ni Mwenyezi Mungu. Tiki.

“Akiwa kwenye matumizi ana kelele kiasi gani?”

“Anakoroma kidogo,” akasema mzee.

“Kidogo kiasi gani?”

Wazee wakashauriana. Ikaandikwa: inavumilika.

“Amewahi kuvuja?”

Hapo Mzee Haroub alinitazama mie, mie nikautazama mkeka. Akajibu kwa sauti ya chini, “Utotoni. Kama watoto wote.”

Najat akaandika. Kisha likaja lile lililotuvunjia nyumba. “Akibebeshwa mzigo mkubwa, anapata joto?”

Mzee Haroub alisimama. “Mpwa wangu si punda! Tumekuja kuoa, hatukuja kuomba kazi ya kubeba magunia!”

Uweso alitaka kujibu, nilimwona, mdomo ulishafunguka. Mjomba wake akamvuta kanzu na wakatoka wote, na halua yao wakaondoka nayo. Mlangoni mzee akaniambia Ijumaa ndiyo mwisho. Apate jibu la ndiyo au hapana, la sivyo posa ataipeleka nyumba nyingine, na nyumba nyingine hazina faili.

Kijumba hicho kimebaki kitupu. Nimemsihi Najat, nimemgombeza, nimelia machozi ya kweli na ya uongo. Jibu lake ni moja: “Bibi, siwezi kusaini karatasi yenye kijumba kitupu. Nikianza nyumbani nitakuja kuifanya na kazini.” Sasa nani amemtia akili hiyo kama si wewe?

Na huku anampenda. Simu ya Uweso ikilia, Najat anatoka nayo uani, anaizunguka ile kona ya chumvi na mkaa kama ana ahadi nayo, na nasikia kicheko ambacho humu ndani hatupewi. Nimesomewa karatasi yenu yote, mbele na nyuma, nikakitafuta kijumba cha kicheko hicho. Hakimo. Mmeweka cha kutu, mmeweka cha boliti, mmesahau hicho.

Mie niliolewa na marehemu Suleimani bila kumuuliza hata jina la nyanya yake. Nilimwona uso siku ya ndoa. Hakuna aliyempima joto wala kelele. Na tulikaa salama mpaka Mungu alipomchukua. Ndivyo watu walivyooana pwani hii nzima, na watoto wakazaliwa, na wengine ndio hao mnaowaajiri.

Kwa hayo yote, mwanangu, naomba mambo matatu, na naomba kwa upole ambao Rahila anasema nimeumaliza huko juu.

Kwanza, karatasi za vijumba na hesabu ya robo zirudishwe getini kila jioni. Mlinzi ampekue Najat. Nampa ruhusa.

Pili, umwandikie Mzee Haroub barua yenye muhuri, kabla ya Ijumaa, umweleze kwamba mzigo katika karatasi zenu ni umeme, si magunia, na kwamba hakuna ofisini kwako aliyemdhania Uweso kuwa punda. Usimweleze la kuvuja. Tuliache.

Tatu, uende kwa Hija. Uende mwenyewe, na hizo nguo za kazi, umwambie chumvi na mkaa ni vya ardhi na havina jina lake ndani. Ukikaribishwa chai, kunywa. Akikuuliza dini yako mwambie, hana ubaya, ana woga tu. Mie jirani yangu nimemkosa. Hakuna mwingine mtaa huu anayejua kunitania kuhusu goti langu.

Usipofanya, nitakuja kituoni. Nitakaa getini na mkeka wangu na birika langu, na kila gari litakaloingia nitalikagua.

Nisalimie wote hapo: wahandisi, mafundi, mama anayewapikia, na yule mlinzi asiyejua tofauti ya posa na poza, mwambie hatuko mbali yeye na mie. Isalimie na hiyo transfoma kubwa, nasikia mnailinda kuliko mboni za macho. Chapati za kesho nitazituma, ugomvi ni wa karatasi, njaa haimo.

Nakuombea kila la kheri, wewe na umeme wako.

Ni mie bibi yenu,
Mwanamwema wa Mabawa
(kidole gumba hapo chini ni changu, doa la pembeni ni mafuta ya nazi)

NYONGEZA: Rahila alikuwa ameshashika gundi, nimemzuia, maana nimepigiwa simu kutoka nyumbani na mambo yamegeuka.

Uweso amekuja peke yake, bila mjomba. Kabla hajabisha hodi Hija kamchungulia juu ya ukuta, akadhani ndiye mganga wetu, akamshushia maneno. Ya mama yake, ya ukoo wake, ya kanzu yake. Kamwita mchimba makaburi. Barabara nzima imesimama. Uweso kamngoja amalize, kama alivyomngoja Najat siku ile, kisha akamwambia, “Shikamoo Bi Hija. Friji lako nalisikia mpaka huku linaunguruma, ukipenda nitalitazama.” Saa hii yuko jikoni kwa Hija, na Hija anamchujia togwa.

Najat leo hana zamu, alikuwa dirishani, ameona yote. Kafungua faili, kwenye kijumba cha mzigo na joto kaandika “hapati”, kaweka tiki, akatia saini, akajifungia chumbani kama msichana wa posa anavyotakiwa. Mzee Haroub atapelekewa ndiyo yake leo hii. Barua yako ya punda mpelekee hata hivyo, imtulize.

Kwa hiyo lile ombi la kwanza lifute. Karatasi msizizuie getini. Na mpe Najat moja tupu aniletee mie, safi, isiyo na maandishi. Mzee Masoud, mgane wa msikiti wa pili, ametuma mtu asubuhi hii kuniuliza kama nitakubali posa, na mie sitaki mtu aingie uani kwangu bila kukaguliwa. Hesabu zake ziongezwe robo, ana umri.

Na lile la marehemu Suleimani nilisema kwa hasira. Nimemjaza vijumba sasa hivi kwa kumbukumbu, Rahila akinisomea maswali ya hapo juu. Kelele, chekundu. Joto, chekundu. Kuvuja siri za nyumba kibarazani, chekundu. Mungu amrehemu, tulikaa salama kweli, lakini robo ya usalama nilikuwa mie.