Bia ya Kumtoa Blandine Matanga

Jumatatu, 2 Juni

Blandine anatoka matanga tarehe 28! Mwaka mzima ndani ya nguo nyeusi, sasa basi. Papa Omer, kaka wa marehemu mume wake, ataonja kinywaji cha kila mgeni. Kitakachomfurahisha, mwenye kukileta anakalishwa karibu na Blandine, mbele ya ukoo wote. Kila mtu Kalemie anajua maana ya kiti hicho: ndio mwanzo wa posa.

Siméon wa depo ataleta makreti ya bia ya kiwanda. Tumbo mbele, miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Kazi yake ni kusukuma kreti, basi. Mimi, Évariste, fundi wa kulehemu, nimejijengea nyumba na jina bila msaada wa mjomba. Nani aliwahi kunipongeza? Hata paka.

Mpango: nitapika bia yangu mwenyewe. Pale ale, ile bia ya Kizungu ya rangi ya asali, chungu kidogo, yenye harufu ya maua. Niliionja Kigoma mara moja tu na bado naiota. Leo nimeiota nikiwa macho: ziwa limelala, Blandine amevaa blauzi nyeupe, povu limekaa juu ya mdomo wake. Nimeunguza bawaba za mlango wa mteja. Haidhuru.

Jumatano, 4 Juni

Rubens, mchuuzi wa ziwani, ameleta vyote kutoka ng'ambo: shayiri iliyooteshwa, hamira, na houblon, yale maua yanayoipa bia uchungu. Imebaki kuchagua namna ya kupika. Simu imenipa tatu. Ya kwanza: shayiri aina moja, maua aina moja, "kwa wanaoanza". Wanaoanza! Mimi! Ya pili ni ya mtu aliyeshinda mashindano. Ya tatu ina maganda ya machungwa.

Dada yangu Précieuse amesema nichukue ya kwanza na nisijifanye mjanja, bia si geti. Nikamweleza hesabu kwa upole. Maua: gramu 20, 50, 110. Jumlisha, gawa kwa tatu, 60. Kuchemsha: dakika 45, 60, 90. Zinatoka 65. Machungwa: hakuna, hakuna, matatu. Wastani, chungwa moja. Sasa ninayo namna bora kuliko zote, maana zote zimo ndani.

Précieuse akauliza nikitafuta wastani wa shati, suruali na soksi, nitavaa nini. Huyu hesabu hakuzisoma.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepika! Uwanja mzima umenukia mkate na maua. Majirani wamesimama ukutani na pua juu.

Shida ilikuwa chombo. Bidoni yangu, dumu la plastiki, ilishawahi kuwekwa mafuta ya mashua. Mama Bertille, jirani anayeuza munkoyo, kile kinywaji kichachu cha mahindi, ameniazima mtungi wake mkubwa. Sharti moja: nisiuguse kwa sabuni. Akasema mutungi wa munkoyo hauoshwi, Papa Évariste, ukiuosha unauua.

Namna zote tatu zinasema chombo kioshwe kwa dawa mpaka kisikumbuke kitu. Ni jambo pekee waandishi wake walilokubaliana. Lakini waandishi hao wamewahi kuona mtungi? Wateja wa Mama Bertille wote ni wazima, wengine wanene. Nimesuuza kwa maji ya ziwa. Imetosha.

Jumanne, 10 Juni

Inachemka peke yake, bila moto! Nimeweka sikio: mvua ndogo inanyesha mbali, upande wa Moba. Nimekaa hapo tangu chai. Nimeona boti zimejaa chupa zangu, watu wa Kigoma wameshuka majini kuzipokea, Blandine yuko mbele, anapunga leso.

Siméon amepita na pikipiki, akanikuta nimekumbatia mtungi. Sasa bandari nzima inaulizana mutungi wa fundi una mimba ya nani.

Alhamisi, 19 Juni

Harufu ya maua imeondoka bila kuaga. Précieuse ameonja, akafumba jicho moja, akasema kaka, hii njo munkoyo, ndiyo yenyewe. Nimemjibu pale ale inapita katika ujana wake. Nimejaza chupa. Rangi si ya asali tena, ni ya uji. Lakini ukiinua chupa kuelekea jua na kufikiria Blandine, inang'aa.

Jumamosi, 28 Juni

Sherehe. Blandine ametoka ndani bila nyeusi. Nimesahau kufunga mdomo.

Papa Omer ameonja bia ya Siméon. Akasema hii anaijua, iko kila kona. Nikamwomba Mungu anisamehe ile furaha. Kisha yangu. Amekunywa. Amefumba macho. Amekunywa tena! Moyo wangu ulikuwa tayari umekaa kwenye kiti.

Akasimama na machozi. Hii njo munkoyo ya mama yangu! Muntu gani amepika? Kabla sijanyanyuka, uwanja wote umemgeukia Mama Bertille. Yeye akasema, kweli, ule mutungi ni wake. Wakamchukua kwa vigelegele, wakamkalisha karibu na Blandine.

Mimi na Siméon tumebaki benchi la nyuma. Amenipa bia yake moja. Ilikuwa nzuri. Hilo njo linaniuma zaidi.

Jumatatu, 30 Juni

Blandine amekuja karakana! Précieuse amemwambia yote. Amecheka mpaka akashika geti. Kisha akatulia, akasema siku ya Noeli ataonja mwenyewe, bila Papa Omer. Nipike tena, lakini nifuate namna moja tu, mwanzo mpaka mwisho. Mwanaume anayeweza kusikia neno moja mpaka mwisho, Papa Évariste, huyo naweza kukaa naye.

Nimesema ndiyo. Alipoondoka, vumbi la Juni lilikuwa dhahabu nyuma yake. Machozi yalinilenga. Nimekaa mchana wote kuchagua, kwa heshima yake. Namna za simu zote zina kasoro.

Basi nimechagua. Moja tu, kama alivyotaka. Haijaandikwa popote, nimeitunga mwenyewe. Inaanza na ndizi.