Mlango wa Chumba cha Vipimo

Jambo hili, hadi jana, sikuwa nimemwambia mtu. Miezi minne iliyopita mama mdogo, fundi cherehani, alinishika mkono akauweka kwenye titi lake la kushoto. "Hebu papasa, mwanangu. Ni mimi tu, au kuna kitu?" Kilikuwepo: kigumu, mfano wa kifungo cha koti chini ya kitambaa. Kwa aibu nikasema sihisi kitu. "Na wala hakiumi," akasema. "Basi tusubiri chumba cha vipimo alichotuahidi Mheshimiwa, chenye mashine; kinafunguliwa karibuni."

Jana kilifunguliwa. Nilisimama naye karibu na jukwaa, daftari mkononi. Hotuba ya Mheshimiwa ilikuwa hii.

Mheshimiwa Mimi Mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mwenyekiti wa Kamati ya Kusimamia Kamati ya Maandalizi. Wake wa viongozi. Wadau, na wadau wa wadau. Na nyinyi akina mama mliosimama juani kwa sababu viti vimewatosha wageni tu: hamjambo! (Wageni wanapiga makofi. Akina mama wanajipepea.)

Nimesimama hapa, kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuzungumzia ugonjwa wa, wa... (anakohoa) wa eneo husika. Kamati ilikaa vikao vinne na warsha moja ya hotelini kutafakari iwapo neno lenyewe linatamkika mbele ya viongozi, na kwa kauli moja ikaazimia liitwe "sehemu ya mbele ya juu ya mwananchi wa kike", azimio lililochapwa kwenye mabango mia tisa. (Muuguzi, kutoka nyuma: "Sema titi, Mheshimiwa! Hata wewe ulinyonya!" Vicheko.) Asante, sista, hoja yako itaundiwa kikosi kazi.

Kuhusu vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa kuugua, tathmini yetu ya kidijitali imebaini kwamba asilimia mia moja ya wagonjwa waliwahi kuzaliwa. (Makofi mazito.) Wataalamu walileta orodha yao: umri kusonga, kuwa na mama au dada aliyeugua, pombe, unene, kukaa tu bila mazoezi; lakini tulipoipitia tukaona inagusa karibu meza kuu nzima, tukaiondoa ili kulinda mshikamano. Walidai pia kwamba hata wanaume huugua. Tuliwasamehe. (Meza kuu inacheka. Mmoja anasogeza chupa yake chini ya kiti.)

Na wale wenye uvimbe usiouma, nawasihi msiwe na papara, maana uvimbe usiouma ni uvimbe wenye nidhamu. (Muuguzi: "Uongo! Huo nao ni wa kukimbilia hospitali, tena leo!" Mama mdogo anageuka kumtazama.) (Mama mdogo: "Samahani, Mheshimiwa, hiyo mashine inaanza lini?") Swali zuri sana, mama. Mashine ni matokeo. Sisi bado tunaheshimu mchakato.

Sasa semeni nami: Afya kwanza! (Kimya.) Utepe juu! ("Juu!") Eneo husika! (Mtoto mmoja: "Hoyee!")

Nimalizie kwa kumshukuru fundi seremala aliyechonga mlango huu mzuri ninaoukatia utepe, mlango ambao, kwa kuwa chumba chenyewe kingali katika hatua ya maono, na mashine katika hatua ya kufikiriwa, tumeuegemeza kwa muda ukutani; naomba asiusukume mtu, utaanguka. Asanteni sana! (Utepe unakatwa. Mlango unaanguka.)

Watu walicheka hadi machozi. Mama mdogo hakucheka. Aliutazama ule ukuta mtupu, akasema, "Miezi minne nasubiri tofali."

"Mama mdogo," nikamwambia, "siku ile nilikihisi. Nilikudanganya."

"Nilijua," akasema. "Uliuondoa mkono haraka mno."

Leo sikwenda shule. Tulipanda basi la kwanza hadi hospitali kubwa, tukapanga foleni. Daktari alipouliza tatizo ni nini, mama mdogo aliinamisha kichwa. Mimi, ambaye darasani sinyooshi hata kidole, nikasema kwa sauti iliyofika hadi koridoni: "Ni titi, daktari. La kushoto." Kisha nikatoka, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango, nikamshikia mkoba wake.