Mtini Ndani ya Shiraa

Leo nimeadhirika. Sitaki kuzunguka, ndugu zangu mlioko Mvita, maana habari za Amu zina miguu na zitawafikia kabla ya barua hii, kila aliyezibeba ameongeza chumvi yake. Afadhali mzisikie kwangu mimi Athmani muuza uturi, mwenye fedheha yenyewe. Tumetoka kusali magharibi sasa hivi, wino nimeufungua, na uso bado unaniwaka.

Mtini wangu mnaujua. (Asiyeujua hanijui mimi, kwani miaka minne sina hadithi nyingine.) Ulikuja ukiwa kijiti cha shibiri moja, kimefungwa kitambaa kibichi, zawadi ya mgeni wa Kishihiri aliyefikia kwangu. Nikaupanda ndani ya kasiki, ule mtungi wetu mkubwa wa samli uliovunjika mdomo. Nikatoboa chini ili maji yapite, nikachanganya mchanga na vifusi vya chokaa, nikauweka uani kwenye ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi. Kila mwaka niliuchomoa, nikaipunguza mizizi, nikaurudisha mle mle. Mtini ukiachiwa nafasi hufanya uvivu. Hayo nimejifunza mwenyewe, na nayasema kwa kujisifu.

Miaka miwili ya mwanzo ulinipa majani tu. Majani mazuri, mapana, bila tunda hata moja. Mgeni wangu aliporudi akautazama, akacheka. "Umeulea kama mwana wa pekee," akaniambia. "Hujaukatalia kitu. Kata."

Nikakata. Matawi yote marefu niliyarudisha nyuma hadi yakabaki matatu mafupi, kila moja na vifundo viwili vya kuchipukia. Maziwa yalichuruzika yakaniwasha mikono siku tatu. Vidonda vya mti nikavipaka majivu. Mke wangu, Bi Rukia, alipotoka jikoni akakiona kile kisiki, aliketi chini.

"Umeuua," akasema. Na wiki nzima alikuwa akinipokea mlangoni kwa "poleni na msiba."

Ukachipua. Na mwaka huu ukazaa, tini saba, nimezihesabu asubuhi na jioni kama mtu anayehesabu wanawe. Ila hakuna aliyenisadiki.

Tatizo ni hili. Mti uko uani, na uani ni kwa wanawake. Mwanamume wa kando hawezi kuingia huko ati anatazama mti. Basi mtini wangu ukabaki maneno ya barazani, na kwenye baraza ile yuko Bwana Shee. Bwana Shee amehiji, ameiona mitini ya Hijazi, na tangu arudi hakuna linalomea duniani asilolijua. "Mtini hauzai nti hini," husema. "Mtanga wetu ni wa minazi." Watu humsadiki kwa sababu ya kilemba.

Ningevumilia, lakini yale maneno yaliingia dukani. Mteja ananusa udi wangu, ananitazama kwa jicho moja: "Huu ni udi kweli, Bwana Athmani, au ni tini?" Mnanielewa. Muuza uturi anauza neno lake kwanza, harufu baadaye. Neno langu likawa mzaha wa mji mzima, na liliniuma, siwafichi.

Leo nikaamua kuyamaliza. Tini zilikuwa zimeinamisha shingo, kila moja ina tone la asali chini. Nilikuwa nimepiga marufuku mtu yeyote kuzigusa, na hata mimi mwenyewe sikuonja, nilitaka zionekane kwanza. Asubuhi nikahesabu, nikapata tano.

"Mbili ziko wapi?"

"Kunguru," akajibu Bi Rukia, huku anapepeta mchele. "Mwaka huu kunguru ni wengi."

Nikawalaani kunguru. Tano zinatosha kumfunga mtu mdomo.

Baada ya alasiri Bi Rukia alivuka kwa jirani, ua ukawa mtupu, nami nikamwita Sudi, yule hamali mrefu wa sokoni. Tukaliweka kasiki juu ya machela, yeye mbele, mimi nyuma. Ndipo nikakumbuka kunguru. Nikakumbuka na macho ya watu, maana kitu kizuri hakipitishwi njiani kikiwa wazi. Mti ulihitaji kufunikwa. Nikafungua sanduku la mke wangu, nikatoa shiraa.

Nyinyi wa Mvita pengine hamjaiona. Ni kama hema la kitambaa, hufika mpaka chini, na mabibi wetu walikuwa wakitembea ndani yake huku watumishi wameinua miti mbele na nyuma. Siku hizi wa kuinua hawako, wameachwa huru na wana shughuli zao, na mabibi wamejizoesha buibui. Ya Bi Rukia ilikuwa imelala na asumini kavu. Tukaifunga miti yake kwenye ncha za machela, kitambaa kikashuka pande zote, na mtini wangu, ulio na kimo cha mtu mzima, ukakaa ndani vizuri sana. Nilijiona mwerevu. (Kumbukeni kwamba nilijiona mwerevu.)

Tukatoka.

Hatua ishirini tu, wanaume wawili waliokuwa wakiongea wakanyamaza, wakageukia ukuta. Mbele kidogo mpanda punda akashuka, akamgeuza na punda. Kila mtu alitupisha kwa adabu ya zamani, ile ambayo vijana wameanza kuisahau. Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa, nilipaswa kusema. Lakini ndugu zangu, mti niliouotesha kwenye mtungi mbovu unapita mjini, na watu wazima wanaupa heshima ya binti wa watu! Nilinyoosha shingo nikaendelea kutembea.

Kwenye pembe, karibu na nyumba ya Bwana Shee, Bi Mwana Esha alikuwa amekaa mlangoni pake. Huyu ni mama mtu mzima, ametulea nusu ya mtaa.

"Bi Rukia, mwanangu, yeo umenikumbusha zamani," akaiambia shiraa. "Hujambo?"

Shiraa ikanyamaza.

"Hunijibu?"

Ningesema ni mti, majirani wote wangetoka na mshangao niliomwekea Bwana Shee ungekwisha pale pale. Nikasema, "Koo lamuuma, mama."

Naam. Mtu aliyetoka nyumbani kuthibitisha kwamba hasemi uongo akasema uongo, tena kwa mama mtu mzima.

Barazani walikuwa watano. Bwana Shee amekaa katikati, kando yake Maalim Bakari anayesomesha watoto. Chini yao amelala mbuzi wa Bwana Shee, yule jike mwenye sikio lililokatika, ambaye humfuata bwana wake kila mahali isipokuwa msikitini. Walipoiona shiraa, wote watano waliinuka, wakaupa uso ukuta. Mbuzi peke yake ndiye aliyebaki akitutazama.

Tukaitua machela. Nikatoa salamu, wakaujibu ukuta.

"Geukeni," nikawaambia.

"Athmani," akasema Bwana Shee bila kugeuka, "una wazimu? Wamweta mkeo barazani, mbele ya waume?"

"Si mke wangu."

Maalim Bakari akakohoa. "Asema si mkewe," akawaambia wenzake. "Basi ni mke wa nani?"

"Si mke wa mtu. Ni mtini."

"Msimwike mgonjwa juani!" Ilikuwa sauti ya Bi Mwana Esha kutoka kwenye pembe. "Bi Rukia koo lamuuma, mumewe amenambia kwa kinywa chake!"

"Wasikia?" akasema Bwana Shee. Na migongo mitano ikakaza zaidi.

Nikaanza kujieleza. Nilieleza kasiki, nikaeleza chokaa, nikaeleza nilivyokata na vifundo nilivyobakisha. Ndugu zangu, hakuna kazi ngumu kama kusifia kilimo mbele ya visogo vya watu. Nyuma yangu majani yalichakarika, shiraa ikatikisika. Nikasema moyoni ni upepo.

"Bwana," akaita Sudi.

"Nyamaza, nasema na watu."

"Bwana, shiraa..."

"Sudi, nimesema nyamaza."

Akanyamaza. (Ni mtu mtiifu. Sina la kumlaumu.)

Mwishowe nikaapa. Nilisema wallahi, ndani yake hamna mwanamke, mna mtini wenye tini tano mbivu, na asiyegeuka asiniite tena mwongo. Kiapo ni kiapo. Wakageuka polepole, Maalim amejiziba uso kwa vidole vilivyoachana. Nikashika upindo wa shiraa, nikasema bismillahi, nikaiinua kwa mikono miwili hadi juu.

Mbuzi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma. Ya mbele ameiweka juu ya mdomo wa kasiki, ametulia kama mgeni aliyeandaliwa. Matawi yamebaki matupu. Tini hakuna hata moja. Jani la mwisho lilikuwa limening'inia kinywani mwake, akatutazama sote, akalivuta ndani taratibu.

Maalim akashusha vidole usoni.

"Kweli," akasema Maalim Bakari. "Si mkewe."

"Mbuzi wangu namjua," akasema Bwana Shee. "Tini siyaona."

Hapa ndipo ningeondoka kwa heshima iliyosalia. Badala yake nilimrukia mbuzi. Nilimkumbatia shingo, nikamfunua taya, nikawaita waje watazame mbegu kwenye ulimi. Mimi, muuza uturi, na kanzu yangu ya Ijumaa, nimepiga magoti njiani nimeshika kinywa cha mbuzi, nasema, "Ile pale! Ile nyekundu!" Mbuzi akapiga chafya. Asali, maziwa ya majani na mate, vyote vikaja kifuani pangu.

"Mwate mbuzi wangu," akasema Bwana Shee kwa upole. "Hata akiona, hatoi ushahidi."

Wakacheka mpaka mmoja wao akakaa chini barabarani. Sudi naye alicheka. Tukaurudisha mti ukiwa wazi, hauna tena kitu cha kufichwa, na nyuma yetu watu walikuwa wakiulizana kama ni kweli Bwana Athmani amempeleka mkewe mgonjwa barazani akageuka mbuzi.

Nyumbani habari ilikuwa imekwisha kunitangulia. Bi Rukia alikuwa ukumbini, mbele yake bakuli tatu za asali na tangawizi kutoka kwa majirani, za kutuliza koo.

"Nimesikia nilikwenda barazani," akasema. "Nilivaa nini?"

Akaichukua shiraa yake, akaikung'uta, vikaanguka vidonge vyeusi ambavyo havikuwa asumini. Nilingoja anigombeze. Alipoona kanzu yangu na uso wangu, alikaa karibu yangu akanifuta kifua kwa leso.

"Wale kunguru wawili," akasema. "Mmoja nilikuwa mimi. Ya pili nilimpelekea Bi Zena jana usiku. Alikuwa hana hamu ya chakula, akala yote, akalamba vidole."

Bi Zena ni mke wa Bwana Shee.

Sikupata nafasi ya kukasirika, maana mlango ulipigwa hodi. Nikatoka dakani, pale penye viti vya mlangoni, nikamkuta Bwana Shee mwenyewe anatazama viatu vyake. Kilemba kimeinama kidogo.

"Nimefika kwangu nikawapa kisa chako wacheke," akasema. "Bi Zena hakucheka. Anambia nimemwita mkweli mwongo kwa kitu ambacho yeye amekila ndani ya nyumba yangu. Anambia nisirudi ila na kijiti cha kupanda."

Nilitamani kumkumbatia. Sikumkumbatia. "Kijiti kipo," nikamwambia. "Ila maneno haya utayasema tena msikitini, tukimaliza magharibi. Kwa sauti."

Aliyasema, haki yake simnyimi. Alisimama mlangoni pa msikiti watu wakitoka, akasema, "Mtini wa Athmani wazaa. Aliyekula yuko nyumbani kwangu." Mmoja akauliza ni mbuzi au ni nani, akamezwa na kicheko, lakini watu saba walinishika mkono na wanne wameomba kijiti. Nimetembea kurudi nyumbani katikati ya njia, na nimewaambia wote waje asubuhi kwa zamu.

Tena nimeutazama mti kwa taa kabla ya kuandika. Mbuzi amekata pale pale ambapo ningekata mimi, na matawi mawili niliyokuwa nikiyaonea huruma ameyamaliza. Mwakani utazaa mara mbili. Sijaona mtu wa Amu anayejua kupogoa kama mimi na yule mbuzi.

Basi, ndugu zangu, nina jina langu tena, na nina furaha. Nawaomba jambo moja tu, msicheke mtakapofika hapa. Nimeotesha mtini miaka minne, nimeulisha chokaa, nimewashwa kwa ajili yake, nimeapa kwa ajili yake. Mke wangu ameonja, mke wa Bwana Shee ameonja, mbuzi wa Bwana Shee ameonja tano, nami leo nimeulizwa na Maalim Bakari ladha yake ikoje, nikamwambia akamwulize mbuzi.