Kahawa Juu ya Mkono wa Gramafoni

Jumatatu, 10 Februari 2025. Bilele.
Gramafoni imeharibika. Ilikuwa ikipiga santuri ya kwaya yetu ya Kagondo, ya mwaka 1975, nakala pekee iliyobaki. Sindano ikaruka kabla ya ubeti wa mwimbaji mmoja. Wakati mbaya kabisa. Jumapili Mwalimu Ephrasia, kiongozi wa kwaya, analeta wazee hapa kusikiliza ni nani aliyeimba ubeti ule. Aliyeimba ndiye atakayeuimba tena kwenye jubilei ya kwaya. Niliimba mimi. Jirani yangu Kyaruzi anadai aliimba yeye. Mtu mzima!

Jumanne, 11 Februari.
Fundi Masele amekuja. Anasema sindano imekwisha na mkanda wa mpira umelegea. Vyote vibadilishwe. Nikauliza kama sauti itabaki ile ile. Akasema itakuwa sahihi. Jibu hilo halikunituliza. Tena, ukibadilisha kila kitu, unasikiliza gramafoni ya nani? Mke wangu, Kokuberwa, akasema ya kwetu, na nimwache kijana wa watu afanye kazi. Nimewaambia ninatafakari. Sijui ninatafakari nini.

Jumatano, 12 Februari.
Ugunduzi. Nilikuwa na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile tunayofunga kwa jani kavu la mgomba kwa ajili ya wageni. Nikakiweka juu ya mkono wa gramafoni. Sindano ikatulia. Santuri ikazunguka polepole, na ubeti ukatoka kwa sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume. Yangu. Nikaongeza kifurushi cha pili. Ukashuka hadi sauti ya nne. Ya Kyaruzi. Nikakiondoa upesi.

Ijumaa, 14 Februari.
Masele ameleta vipuri. Nilikubali sindano, nikakataa mkanda. Kisha nikakubali mkanda, nikakataa sindano. Akavaa kofia yake. Mwishowe: sindano mpya, mkanda wa zamani, kahawa kifurushi kimoja. Masele anasema kwa sindano mpya kahawa haina kazi. Nikamwambia anayo. Kokuberwa akaniuliza kama gramafoni nayo imekuwa mgeni. Sikujaribu kuisikiliza bila kahawa.

Jumapili, 16 Februari.
Walifika baada ya ibada. Kyaruzi akachagua kiti kilicho karibu na gramafoni. Ubeti ukaanza, sauti ya tatu safi. Wazee wakanitazama kwa heshima. Ndipo Kyaruzi akanyoosha mkono, akachukua kahawa, akafungua jani, akatafuna.

Kahawa iliyo mbele ya mgeni ni ya mgeni. Ningemwambia nini, ateme? Akanishukuru, akasema hajawahi kuniona mimi, Ta Buberwa, nikikaribisha watu kwa mitambo.

Santuri ikapata kasi. Sauti ikapanda. Ikazidi kupanda. Ikawa ya mwanamke. Na mwanamke huyo huyo akaipokea kutoka jikoni, neno kwa neno, akaingia na sinia ya ndizi akiwa bado anaimba.

Mwalimu Ephrasia akamuuliza Ma Kokuberwa kwa nini hakusema miaka yote hii. Akajibu kwamba alisema, ila nyumba hii huwa inasikiliza mtu mmoja. Siku ya kurekodi, akasema, Ta Buberwa na Ta Kyaruzi walikuwa nje wakigombana nani aimbe. Fundi wa kurekodi akachoka kusubiri, akamwita yeye.

Kyaruzi akaacha kutafuna. Ubeti wa jubilei ni wa Kokuberwa. Wazee walipiga makofi. Nami nilipiga, kidogo.

Jumatatu, 17 Februari.
Kokuberwa anafanya mazoezi tangu asubuhi. Ana sauti nzuri, sikatai. Masele amepita na ule mkanda mpya, akasema sasa sina sababu ya kuukataa. Nimeukataa. Jambo hili nimelifikiria kwa makini. Gramafoni haina kosa. Mkanda hauna kosa. Kosa ni la kahawa. Nimeokota jiwe ufukweni, lenye uzito ule ule, nikaliosha. Nimemwalika tena Mwalimu Ephrasia, pamoja na wazee wote. Kyaruzi naye aje, akae atakapo. Jiwe halitafunwi.