Kuhusu Shabaha ya Koplo Wepukhulu

Joram Amolo,
Mwalimu Mstaafu wa Hesabu,
Nyamasaria, Kisumu.
9 Julai 1986

Kwa Bwana Mkuu,
Kituo cha Wanyama wa Pori, Ukanda wa Ziwa.

KUH: RISASI ZA SERIKALI NA MAHINDI YANGU

Bwana Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa kuwa ni ndefu, na kila hoja yake inasimama juu ya iliyotangulia.

Nianze kwa shukrani. Mwezi uliopita ulinipokea ofisini kwako nilipokuja kueleza kwamba kiboko mmoja ametoka ziwani, akaufuata mto hadi kwetu na kulifanya shamba langu kuwa lake. Ulinitumia Koplo Wepukhulu pamoja na bunduki ya serikali. Koplo ni kijana mwenye adabu. Hula kinachopikwa, husali kabla ya kula, na mke wangu Dorca humwita mwanangu. Sina neno juu ya tabia yake. Neno langu ni juu ya risasi zake.

Hadi leo amefyatua nne. Ya kwanza ilipiga mgomba. Ya pili ilipiga mgomba uleule, jambo linalothibitisha kwamba mkono wake ni thabiti na kwamba hitilafu imo katika utaratibu. Ya tatu ilitoboa karai la jirani yetu Mama Nabalayo, lililokuwa limetundikwa kwenye ua likisubiri nyama. Ya nne hatujaipata. Kiboko naye ameacha kukimbia. Akisikia mlio huinua kichwa, huutazama mgomba, kisha huendelea kula.

Hali nyumbani si nzuri. Hayo mahindi ndiyo chakula chetu hadi mvua nyingine, na Dorca ameniambia, nanukuu: “Baba Lornah, hii mahindi ikiisha, utakula hiyo jometri yako, na utapika mwenyewe.”

Sikulaumu, Bwana Mkuu. Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini, wale waliojua kupiga bunduki ikiwa juu ya fimbo wamezeeka. Askari wako hufundishwa kulala kifudifudi uwanjani na kupiga ubao. Lakini mahindi yangu yamenizidi kimo, na anayelala kifudifudi humo huona mashina tu. Kwa hiyo Koplo hupiga akiwa amesimama, bunduki ikiegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja karibu na ncha kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nimeuchunguza mpango huo kwa makini, na haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Fimbo. Zilikatwa na mtu mfupi. Koplo ni mrefu, kwa hiyo huinama kama anayekunywa maji mtoni. Mtu aliyeinama hutetemeka magoti, na tetemeko dogo la goti, likifika upande wa pili wa shamba, huwa na upana wa kiboko mzima. Zaidi ya hayo, huuegemeza mtutu wenyewe kwenye panda ya fimbo. Mtutu unaogusa mti huruka unapofyatuliwa. Kinachopaswa kukaa pale ni ubao ulio chini ya mtutu, na kiganja kiwe katikati, kama kata kati ya kichwa na mtungi. Nimekata fimbo mpya zinazomfikia kidevuni. Naomba zipokelewe rasmi kama mali ya serikali.

2. Pumzi. Koplo huimba besi katika kwaya ya kanisa lake. Huko amefundishwa kujaza kifua kabla ya jambo kubwa, na hufyatua kifua kikiwa kimejaa, bunduki ikipanda na kushuka kama mtumbwi. Mpigaji hutakiwa kutoa nusu ya pumzi, atulie, kisha auvute mtambo polepole kama anayebonyeza parachichi kujua iwapo limeiva. Nilipomweleza alinijibu: “Mwalimu, nikizoea kutoa pumzi hivyo, Jumapili watanitoa mimi.” Naomba kituo kiliandikie kanisa lake, Koplo apewe likizo ya kuimba hadi mavuno.

3. Hadhara. Unajua desturi yetu: mnyama akiangushwa na bunduki ya serikali, nyama ni ya wote. Sipingi desturi. Napinga wakati wake. Koplo akishuka tu kwenye barabara ya Nairobi, habari hufika hadi Kaloleni, na kabla hajafunga fimbo zake watu wameshaketi nyuma yake na makarai, wakigawana mnyama ambaye bado anatafuna. Jirani yangu wa mpaka, Obiero, ameshajigawia paja la nyuma la kulia. Huja na panga na jiwe la kunolea, na huanza kunoa hasa Koplo anapougusa mtambo. Mtu huyu huniita Japuonj, yaani mwalimu, hata anaponitukana. Nilipomkataza kunoa alisema mbele ya watu: “Japuonj, wewe unapimia kiboko digrii, sisi tunapimia yeye sufuria. Sasa nani hapa ndiye anajua hesabu?”

Watu walicheka. Koplo pia alicheka, kidole kikiwa kwenye mtambo. Hiyo ndiyo risasi ya nne.

Naomba amri itoke kwamba mapanga yote yanolewe siku moja kabla, na kwamba makarai yangoje barabarani.

4. Kiwiko. Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Fimbo tatu hushika mbele ya bunduki. Nyuma yake hushikwa na nini? Na kiwiko kinachoning'inia hewani. Kitu kilichoshikwa imara upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili huitwa bembea, Bwana Mkuu, na serikali haiwezi kulinda chakula cha raia kwa bembea. Dawa yake ni tegemeo la nne, nalo lazima liwe hai ili lijongee na mpigaji. Nimejaribu mwenyewe. Huketi kwenye kigoda kando ya Koplo, naye huweka kiwiko chake cha kulia juu ya bega langu. Tetemeko lote limekwisha.

Kwa kuwa kazi hiyo sasa inafanywa na raia asiye na cheo, naomba niteuliwe kuwa Tegemeo la Kiwiko la kituo chako, pamoja na kofia, viatu vya kuzuia umande, na mamlaka ya kutamka neno “sasa”. Koplo hana kipingamizi. Alisema tu: “Mzee, ukikohoa tumeisha.”

5. Mahali pa kupiga. Koplo aliambiwa apige moyo, lakini hakuna aliyemwonyesha moyo ulipo. Kiboko nimemngojea asimame kwa ajili ya somo, amekataa. Ikanilazimu kumtumia maksai wetu anayeitwa Bondo, kwa jina la mji tulikomnunua, kwa kuwa ni mnene na rangi yake ni ya majivu. Nyuma kidogo ya mguu wake wa mbele nimechora duara lenye upana wa sahani. Nilitumia chokaa badala ya chaki, ili umande usilifute. Kila jioni Koplo husimama kwenye fimbo mpya, bila risasi, akalilenga duara, akatoa nusu ya pumzi, akavuta. Matokeo yamenifurahisha kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha. Sasa Bondo akihama malishoni, mtutu humfuata wenyewe.

Dorca, ambaye hakusoma jometri, aliuliza: “Mwanangu, si uangalie na kiboko yenyewe kidogo?” Nilimweleza kwamba shabaha hutangulia uchaguzi. Aliingia jikoni.

6. Kiboko mwenyewe. Sitaki kuonekana nawaonea binadamu peke yao. Kiboko huyu haonyeshi ushirikiano wowote. Hula akiwa ametuelekezea uso, upande ambao mfupa ni mnene na moyo haufikiki. Tumepiga makofi, tumebadilisha mahali, Mama Nabalayo amemwimbia. Hageuki. Naomba kituo kimpe onyo. Akilipuuza ahamishwe, na nafasi yake ichukuliwe na kiboko mwenye tabia ya kusimama kiubavu.

Haya sita yakitekelezwa, nakuhakikishia kwamba hakuna risasi itakayotoka katika shamba hili isifike inakotumwa. Naomba pia mpango huu ufundishwe kwa askari wako wote, na fimbo za kimo kinachofikia kidevu ziitwe Fimbo za Amolo. Kesho alfajiri tutafanya jaribio la kwanza kwa kanuni zote kwa pamoja. Obiero ameapa kwamba panga lake litakaa kimya.

Wasalimie wote hapo kituoni, tangu mlinzi wa lango hadi yule mama aliyeniletea chai nikiwa bado naeleza. Dorca anakusalimu. Koplo anakusalimu kwa saluti. Mama Nabalayo anakusalimu na anauliza habari ya karai lake.

Nabaki, kwa heshima zote na kwa mahindi yaliyosalia,

Joram Amolo

Tanbihi. Barua hii ilikuwa bado mezani tulipofanya jaribio, kwa hiyo naongeza matokeo.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni. Bondo, ambaye nadhani alisikia harufu ya mahindi yaliyokwisha kuvunjwa, alikata kamba na kuingia shambani bila kutuarifu. Fimbo zilikuwa imara. Kiganja kilikuwa mahali pake. Hakuna panga lililonolewa. Kutoka kwenye kigoda, kichwa changu kikiwa chini ya kiwiko cha Koplo, niliona mashina tu, lakini nilimsikia akitoa nusu ya pumzi vizuri sana, nikatamka “sasa”.

Nimepima. Risasi imepita katikati ya duara, ikipotoka kwa kiasi kisichofikia upana wa kidole gumba. Koplo aliweka bunduki chini akasema: “Mwalimu, nimepiga ile yenye alama.” Sikupata kosa katika jibu lake.

Makarai yalifika kutoka barabarani upesi kuliko nilivyotazamia. Obiero alichukua paja la nyuma la kulia, akasema mgao haukuwa na haja ya kubadilishwa. Tulipokuwa tukichuna, kiboko alitoka upande wa pili wa ukungu, akasimama kiubavu kwa mara ya kwanza, akautazama mgomba, akala mstari wote wa karibu na mto. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpiga. Koplo alikuwa ameshika mguu ili Obiero akate.

Kwa hiyo naomba hoja ya kwanza hadi ya tano zichukuliwe kuwa hazikuandikwa. Koplo arudishiwe fimbo zake fupi, ajaze kifua apendavyo, aimbe besi. Kofia sihitaji tena.

Hoja ya sita naiacha, kwa marekebisho madogo. Kiboko asihamishwe. Maksai aliyekuwa akilima pamoja na Bondo amebaki peke yake kwenye nira, msimu wa kulima uko karibu, na Dorca amesema mbele ya mashahidi kwamba anayekula mahindi yetu na alime. Naomba kituo kinijulishe mnyama huyo ana upana gani shingoni, ili nianze kuchonga nira.

J. A.