Kidonda Kisichotosha Kuku

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kasese.
“Uvimbe ya kizazi haitoki bila kisu kubwa.” Ndivyo asemavyo Kahambu, muuza vitenge wa Bwera, mwenzangu wa sokoni na adui yangu wa hoja. Uongo mtupu! Mimi hapa nimerudi jana kutoka Kampala. Daktari alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye kizazi, akaziba damu iliyokuwa ikiulisha uvimbe. Sasa utanyauka polepole, kwa njaa. Nililala wodini usiku mmoja, tumbo likauma, nikapewa dawa. Tumbo halina hata mkwaruzo. Nimeshinda!

Jumanne, 4 Machi.
Sijashinda. Akina mama wa kanisa walikuja kunipa pole, na jogoo mkononi. Wakaomba kuona kidonda. Nikawaonyesha alama kwenye kifundo cha mkono, ndogo kuliko punje ya mchele wa Mubuku. Wakatazamana. Ninsiima, kiongozi wao, akaeleza kwa upole kwamba kuku ni wa mtu aliyepasuliwa. Aliyechomwa sindano hupewa pole tu. Wakanywa chai yangu. Jogoo akaondoka nao! Nimesoma vitabu vingi. Hakuna kilichoniandaa kwa dharau hii.

Jumatano, 5 Machi.
Mpango. Taulo la Onen, mume wangu, juu yake shuka kuukuu, juu yake bandeji. Nimezungushia tumbo. Natembea nimeinama, nikishika kuta. Onen aliuliza kama nimepata wazimu. Nikamjibu kwamba ukweli usioletewa kuku unahitaji msaada.
Jioni: jogoo amerudi, pamoja na mitetea wawili. Jogoo tumemla.

Jumamosi, 8 Machi.
Maafa. Ninsiima na wenzake wamejaa sebuleni, mara anaingia Kahambu kutoka Bwera. Amekonda, midomo imepauka. Nilishuku zamani kwamba naye ana uvimbe. Leo amesema mwenyewe, kwamba damu inamtoka mpaka anaanguka sokoni. Kwamba alikuwa ameanza kuyaamini maneno yangu. Kwamba alipita kuniona tu, kisha apande basi la Kampala.
Akagusa bandeji. “Unaona? Balikupasula. Mie siendi.” Akachukua mkoba wake.
Nikawafikiria mitetea. Nikamfikiria Kahambu. Kwa mpangilio huo, kwa bahati mbaya.
Nikasimama wima, nikaanza kufungua bandeji. Ikafuata shuka. Taulo likaanguka miguuni pa Ninsiima. Kikalipuka kicheko, mpaka Ninsiima akaketi sakafuni akifuta machozi. Kahambu akanishika mkono, akaitazama ile alama kwa muda mrefu.
“Wewe uko mubongo, Mama Lakot. Mukono yako sio mubongo. Nipeleke.” Mubongo kwao ni mwongo.
Mitetea wameondoka na wenye mali.

Jumatano, 26 Machi. Kasese, nimetoka Bwera.
Daktari alimpima Kahambu, akasema na uvimbe wake unafaa njia ile ile. Ametibiwa, amerudi, anauza vitenge na kunitukana kwa sauti ya mtu mwenye damu ya kutosha. Furaha tupu! Lakini wageni wake wanakunywa chai na kuaga. Hakuna hata kifaranga! Haki iko wapi? Nimempa wazo. Amecheka, hakukataa. Wanawake wa Bwera hawajaliona taulo.
Onen, najua unaisoma shajara hii nikiwa sokoni. Leta taulo. Lile kubwa.